Mtumba wa mtandaoni ukiwa Mtwara au Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bidhaa feki

Maelezo haya ni ya mtu aliye Masasi, Newala, Nachingwea au Kilwa Masoko, ameona simu au paneli ya sola kwenye kundi la WhatsApp, bei imempendeza, na muuzaji anamharakisha. Soma swali linalokuhusu kabla hujaingiza namba ya siri.

Kwa nini muuzaji karibu kila mara "yuko Dar"?

Kwa sababu umbali ndio mtaji wake. Mali nyingi inayouzwa huku imepitia Kariakoo kweli, kwa hiyo maneno hayo hayamshtui mtu. Na kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560. Tapeli anajua hutapanda basi kwenda kukagua simu ya laki mbili. Akishakuaminisha kwamba kukagua haiwezekani, kilichobaki ni wewe kutuma hela kwanza.

Ndiyo maana matangazo haya huongezeka kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza na wakulima wanapolipwa kwenye akaunti. Watu wana fedha, wana haraka, na wengi wananunua kitu kikubwa kwa mara ya kwanza.

Dawa yake ni kuufupisha umbali. Kwanza tafuta muuzaji aliye mkoani mwako, hata kama bei imezidi kidogo. Ukikosa, tafuta ndugu au rafiki aliye Dar akakishike kitu kwa mikono yake. Ukikosa na huyo, mlipe fundi mnayefahamiana naye akukagulie. Ada ya fundi ni ndogo kuliko hasara ya simu nzima. Kununua bila mtu yeyote kukiona kitu, sisi hatukushauri kabisa, hata kama muuzaji ana wafuasi elfu hamsini.

Nitalijuaje tangazo la uongo kabla sijaanza kuongea na mtu?

Chukua picha ya tangazo uitafute kwa Google Lens. Picha ileile ikitokea kwenye tangazo la Nairobi la miaka miwili iliyopita, acha hapohapo. Kama ni ukurasa wa Facebook, fungua sehemu ya uwazi wa ukurasa: inaonyesha ulifunguliwa lini na umebadilishwa jina mara ngapi. Ukurasa ulioanza kama wa mapishi, ukawa wa vichekesho, sasa unauza iPhone, umenunuliwa au umeibwa ili kuchukua wafuasi wake.

Kisha mwandikie muuzaji ujumbe kama huu (IMEI ni namba ya utambulisho wa simu):

"Kaka, habari za kazi. Naomba video fupi ya simu ikiwa imewaka. Weka pembeni karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo, halafu piga *#06# nione IMEI."

Mwenye mali atafanya kazi hiyo kwa dakika mbili. Asiye nayo atasema yuko safarini, kamera imeharibika, wateja ni wengi, au atakasirika kwamba humwamini. Hasira ya ghafla kwa ombi dogo kama hilo ni jibu tosha.

Nikituma IMEI kwenda 15090 na jibu likaja zuri, nimemaliza?

Hapana. Hapa ndipo wengi wanapotelea.

Utaratibu ni huu: piga *#06#, utaona namba ya tarakimu 15 (simu ya laini mbili ina namba mbili). Itume kwa meseji kwenda 15090, utajibiwa jina la kampuni na aina ya simu. Mfumo huu ni wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ulipata umaarufu pale simu feki zilipozimwa nchi nzima tarehe 16 Juni 2016.

Shida ni kwamba watengenezaji wa feki walijifunza. Siku hizi wanachukua IMEI ya simu halali na kuipandikiza kwenye maelfu ya simu za kopi. Ukituma namba hiyo, jibu litakuja safi kwa sababu namba yenyewe ni halali. Isiyo halali ni simu iliyoibeba. Kwa hiyo usiangalie tu kama jibu limekuja. Angalia kama vitu vinne vinakubaliana: IMEI ya kwenye *#06#, IMEI ya kwenye boksi, IMEI ya ndani ya mipangilio sehemu ya "kuhusu simu", na jina la simu lililorudi kutoka 15090. Tarakimu 8 za mwanzo ndizo zinazotambulisha aina ya simu. Kopi ya Samsung ya bei kubwa ikijibiwa jina la simu ya batani, umeshapata jibu. Kama simu ina laini mbili, hakiki namba zote mbili.

Baada ya hapo ipime simu kwa mambo ambayo kopi hushindwa kuiga. Kwenye Samsung piga *#0*#: simu halali kwa kawaida hufungua ukurasa wa vipimo wenye vitufe vya rangi, sauti na mtetemo; kopi nyingi hukaa kimya. Kwenye iPhone fungua App Store. Ikikupeleka Play Store au ikiomba akaunti ya Google, hiyo ni Android iliyovalishwa nguo za watu. Kwa Tecno, Infinix na itel, tumia programu ya Carlcare kuhakiki namba ya simu na warranti yake.

Kwenye iPhone angalia pia namba ya modeli ndani ya mipangilio. Ikianza na M iliuzwa ikiwa mpya, F imekarabatiwa na kampuni, N ilitolewa kama mbadala wa simu mbovu. F na N si feki. Lakini muuzaji anayeapa kwamba "ni mpya haijafunguliwa" huku namba inaanza na F, ameshakuonyesha uzito wa neno lake.

Simu ni halali, lakini nasikia kioo na betri vinaweza kuwa feki. Nitajuaje?

Kwa simu zilizotumika, hili ndilo tatizo kubwa kuliko simu nzima kuwa kopi, na ndilo linalozungumzwa kidogo.

Simu nyingi za Samsung za daraja la juu zina kioo cha AMOLED, ambacho kila nukta inajiwashia mwanga wake. Kioo hicho kikivunjika ni ghali, kwa hiyo fundi asiye mwaminifu huweka cha LCD, chenye taa moja kubwa nyuma. Mchana dukani huwezi kuona tofauti. Ingia mahali penye giza, au jifunike kanga wewe na simu, fungua picha nyeusi tupu na uongeze mwanga hadi mwisho. AMOLED halisi itakuwa nyeusi kabisa kama imezimwa. Cha LCD kitatoa weusi wa kijivu, na pembeni mwanga utavuja. Tazama pia ukingo wa chini wa kioo: cha kubandika huwa na pambizo nene kuliko la juu. Halafu sajili alama ya kidole. Kwa simu zenye kisomaji chini ya kioo, kioo cha LCD hukifanya kisisome kabisa.

Kwenye iPhone, kuanzia iOS 15.2, mipangilio sehemu ya "kuhusu simu" huonyesha historia ya vipuri. Betri hutambuliwa kwa XS, XR na za baada yake, kioo kuanzia iPhone 11, kamera kuanzia 12. Kikiandikwa kipuri kisichojulikana, si lazima uikatae simu, ila shusha bei. Afya ya betri chini ya asilimia 80 maana yake utanunua betri hivi karibuni. Na asilimia 100 kwenye simu ya miaka mitano bila maelezo yoyote, uliza betri ilibadilishwa lini na wapi.

Huku pwani kuna jambo la ziada, chumvi ya hewa na maji. Mulika tundu la chaji kwa tochi. Ukiona ukijani au unga mweupe, kutu imeshaingia. Toa kitako cha laini (kijisahani kinachobeba laini) umulike ndani: simu nyingi zina kibandiko cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji.

Mwisho wa yote, ifute simu mbele ya muuzaji, uiwashe upya na uingize akaunti yako. Ikidai akaunti ya mwenye nayo wa zamani na yeye "amesahau neno la siri", rudisha. Simu iliyofungwa kwa iCloud ya mtu mwingine hutaitumia, hata ingekuwa halali kiasi gani.

Simu au memori inasoma GB 256 kwa bei ya kutupa. Inawezekana?

Kusoma inasoma, ila haihifadhi. Programu ya ndani imechezewa ili itangaze ukubwa ambao haupo. Kilichomo ni GB 8 au 16. Mafaili ya mwanzo yanaingia vizuri, na ukivuka ukubwa wa kweli, mapya yanafuta ya zamani au yanaonekana majina tu bila kufunguka. Watu hugundua baada ya miezi, picha za harusi zimeshapotea.

Kwa kompyuta ya Windows tumia H2testw: hujaza memori yote kisha huisoma tena na kukwambia ukubwa wa kweli. GB 64 inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, kwa hiyo kubaliana na muuzaji mapema. Ukiwa huna kompyuta, nakili video kubwa hadi zijae, kisha fungua ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho.

Flashi ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya soda chache, usipoteze muda kuipima.

Pawabenki?

Ipime uzito. Seli moja ya duara inayotumika humo ina gramu kama 45 na hubeba takriban mAh 3,000. Pawabenki ya seli hizo iliyoandikwa 20,000 inahitaji karibu seli saba, yaani zaidi ya gramu 300 kabla ya ganda. Ikiwa nyepesi kama kiberiti, humo kuna seli moja au mbili. Nyingine hujazwa mchanga ili ziwe nzito, kwa hiyo itikise karibu na sikio.

Kompyuta mpakato: nikague nini?

Neno "Core i5" peke yake halina maana. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua sehemu ya utendaji, usome jina kamili la prosesa. Tarakimu za mwanzo baada ya kistari ndizo kizazi: i5-2520M ni kizazi cha pili, i5-8250U ni cha nane, na kati yao kuna pengo la miaka na bei. Stika ya nje hubandikwa na yeyote.

Kwa betri, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Faili litakalotengenezwa linaonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Kama ilikuwa 50,000 na sasa ni 20,000, imebaki asilimia 40. Zima, washa, uingie BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows). Ikidai neno la siri ambalo muuzaji hana, huenda ni mali ya ofisi ya watu.

Nimeona paneli ya sola ya wati 300 iliyotumika, ndogo inabebeka kwa bodaboda. Ni kweli?

Si kweli, na huhitaji kifaa chochote kuthibitisha zaidi ya futi ya kupimia. Jua kali la adhuhuri hutoa kama wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli za kawaida sokoni hugeuza takriban asilimia 20 ya hizo kuwa umeme. Kwa hiyo zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha zidisha kwa 200. Paneli ya sentimita 80 kwa 60 ni mita za mraba 0.48, hiyo haiwezi kuzidi wati 100 kwa kiasi kikubwa, hata stika iandikwe 300, hata iandikwe "Germany". Paneli ya wati 300 ya kweli ina urefu wa karibu mita 1.6 na upana wa karibu mita 1. Hesabu hii mtumie muuzaji kwa WhatsApp kabla hujatoka nyumbani: "Dada, naomba unipimie urefu na upana."

Ukifika, nenda na fundi mwenye multimita (kifaa cha kupima umeme), saa sita mchana, jua likiwa wazi. Paneli ya volti 12 ya wati 100 itoe kama volti 21 hadi 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu. Kisha fundi aweke multimita kwenye tundu la ampea 10 na kuunganisha waya mbili za paneli kwa sekunde chache: tarajia ampea 5 hadi 6. Volti zikiwa nzuri na ampea zikawa 1.5, umeuziwa ya wati 30 kwa jina la 100. Wauzaji wengi hukuonyesha volti tu, kwa kuwa hata paneli ndogo kabisa hutoa volti nzuri. Kipimo hiki cha ampea ni cha paneli peke yake. Kwenye betri usikijaribu kamwe, itaunguza multimita na inaweza kukuunguza na wewe.

Mwisho, pitisha jicho kwenye seli. Mistari ya kahawia inayofanana na njia za konokono, malengelenge nyuma, au kisanduku cha waya kilichofunguliwa na kubandikwa upya kwa silikoni, vyote hupunguza thamani.

Na betri ya sola?

Betri ya risasi ya volti 12, Ah 100, huwa na kilo 28 hadi 30. Ya kilo 15 haina risasi ya kutosha kuwa Ah 100. Ila kuna jambo moja: betri za lithiamu za uwezo huohuo ni nyepesi, kama kilo 11 hadi 12, lakini huandikwa volti 12.8 na bei yake ni ya juu sana, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba "hii nyepesi kwa sababu ni lithiamu" huku akiuza kwa bei ya mtumba.

Betri iliyojaa na kupumzishwa saa kadhaa isome volti 12.6 au zaidi. Iwashie taa ya gari ya wati 55 kwa dakika 10. Ikishuka chini ya 12, imechoka. Betri nyingi chovu huoshwa, hupakwa rangi na kubandikwa stika mpya, kwa hiyo tafuta tarehe iliyogongwa kwenye plastiki au kwenye vichwa vya risasi. Stika hubadilishwa, iliyogongwa ni ngumu kubadilisha.

Mashine ya kupulizia mikorosho iliyotumika, je?

Majina makubwa, hasa Stihl, yana kopi nyingi. Kwenye mashine halisi namba imegongwa kwenye bodi lenyewe; kama ipo kwenye stika pekee, au imesuguliwa, acha. Linganisha pia plastiki za rangi ya chungwa: kopi huwa na kingo zenye makovu ya kalibu, na maandishi ya onyo yenye makosa ya tahajia.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukiikuta injini ina moto, ameipasha ili iwake kwa mvuto mmoja. Ikiwa baridi, ivute kamba polepole: usikie ukinzani wa mgandamizo. Kamba ikija laini bila ukinzani, ringi au silinda vimelika. Iendeshe kwa dakika 10 kwa kasi kamili ikiwa na mchanganyiko sahihi, mililita 20 za oili ya injini za mipigo miwili kwa kila lita ya petroli. Injini nyingi mbovu huwaka vizuri, halafu huzima zikipata joto na haziwaki tena mpaka zipoe. Ukilijua hilo uwanjani kwa muuzaji ni bahati. Ukilijua shambani ubwiriunga umeshashika maua, msimu umekwenda.

Salfa na viuatilifu ni habari nyingine. Hivyo usinunue kwa mtu mtandaoni hata kidogo, iwe mfuko mzima au nusu. Mfuko halali hufunguliwa, huchanganywa na unga mwingine na kushonwa upya, na wewe huna njia ya kupima ukiwa nyumbani. Chukua kupitia AMCOS yako (chama cha ushirika cha wakulima) au duka la pembejeo linalotambulika, na ukiwa na shaka waulize wataalamu wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo.

Viatu vya mtumba vya "OG"?

Tafuta lebo ndogo iliyoshonwa ndani ya ulimi. Kwa Nike kuna namba ya mtindo ya herufi au tarakimu sita, kistari, kisha tatu. Iandike kwenye Google: kiatu kitakachotokea kiwe kilekile, rangi ileile. Kopi nyingi hutumia namba moja kwa mitindo yote. Harufu kali ya gundi kwenye kiatu kinachodaiwa kimevaliwa miaka miwili Ulaya nayo haileti maana. Zaidi ya hapo, kama kiatu ni imara, kimekutosha na bei ni ya kopi, ni uamuzi wako.

Muuzaji amesema atatuma kwa basi, nilipe nikiona risiti ya mzigo. Hii si salama?

Ni salama kidogo tu kuliko kulipa bila chochote. Risiti ya mzigo inathibitisha kwamba kifurushi kimepokelewa. Ndani yake hakuna aliyeona. Kuna wanaotuma kipande cha sabuni au kigae kwenye boksi la simu, na wanaopiga picha risiti ya mtu mwingine na kubadilisha jina.

Ukilazimika kwenda njia hii, fanya hivi. Ofisi ya basi ipigie kwa namba uliyoichukua mwenyewe stendi, Mkanaledi au stendi ya kwenu, si namba aliyokupa muuzaji, kwa sababu "mhudumu wa basi" wa kwenye namba yake mara nyingi ni mwenzake. Uliza namba ya mzigo, jina la mtumaji na gari lililoubeba. Kifurushi kikifika, kipime kwenye mizani kabla ya kukifungua: simu janja huwa na gramu 170 hadi 230 bila boksi. Kifungue palepale dirishani huku mtu akirekodi video bila kukata, kuanzia kwenye gundi ya nje hadi IMEI kwenye skrini. Video iliyokatwa haina nguvu.

Kubaliana mapema kwamba sehemu kubwa ya malipo italipwa baada ya ukaguzi huo. Mwenye duka la kweli anaweza kuomba nauli ya mzigo kwanza, hilo linaeleweka. Anayetaka yote kwanza, mwache.

Angalizo la masika: barabara ya Kusini ikikatika, kama ilivyotokea wilayani Kilwa Mei 2024 kwa mvua za kimbunga Hidaya, matapeli hupata kisingizio cha kukutuliza kwa wiki nzima, "mzigo umekwama Somanga". Mzigo uliokwama kweli una namba, na ofisi ya basi inaujua.

Nilipe kwa njia gani?

Ana kwa ana, baada ya kukagua, kwa muamala wa simu au benki ili ubaki na kumbukumbu. Kabla ya kuingiza namba ya siri, mfumo hukuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Kama uliongea na Juma na jina lililotokea ni la mama fulani, uliza, na jibu la "ni laini ya shemeji" lisikutoshe. Hata jina likilingana usijione umepona. Laini husajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote. Na wewe jikague kwa *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Ukiwa umekubaliana na muuzaji na ghafla ikaja meseji "ile hela tuma kwenye namba hii", simama. Mpigie kwa namba ya mwanzo, usikie sauti yake.

Nimeshatuma hela na amenizuia. Nianzie wapi?

Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani, kwa hiyo fuata mpangilio huu:

1. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu, utoe namba ya muamala na uombe fedha izuiwe. Ikiwa haijatolewa, inaweza kushikiliwa. Ikishatolewa kwa wakala, njia hii imefungwa. Kama ulitumia benki, ipigie benki.
2. Piga picha za skrini za mazungumzo, tangazo, wasifu wake na meseji ya muamala. Usifute chochote, hata matusi yake.
3. Peleka meseji ya tapeli kwenda 15040 na ufuate maelekezo utakayojibiwa, ili namba yake ifanyiwe kazi.
4. Nenda kituo cha polisi na vielelezo hivyo, uandikishe maelezo na uchukue namba ya RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu udanganyifu wa aina hii, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba meseji za WhatsApp si kitu.

Baada ya siku chache anaweza kukupigia mtu akisema yuko "makao makuu" na anaweza kurudisha hela yako kwa ada kidogo au ukimpa namba ya siri. Huyo ni tapeli wa pili, mara nyingi ni yuleyule wa kwanza.

Muuzaji anapatikana, ila anakataa kurudisha hela. Anasema "mali ikishauzwa hairudi".

Kauli hiyo haimlindi aliyeuza kitu kisichofanana na alivyokieleza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Aliandika "Samsung halisi" na umepata kopi, una dai. Mwandikie kwa utulivu, taja tarehe, kiasi na kasoro, umpe siku saba. Akikataa, anzia kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji, wengi huishia hapo. Ikishindikana, mahakama ya mwanzo hupokea madai ya fedha ya aina hii.

Kama ni muuzaji wa kudumu mwenye shehena ya feki, toa taarifa Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Bidhaa isiyokidhi viwango ni suala la TBS, ambao wana ofisi ya Kanda ya Kusini mjini Mtwara.

Nitajuaje kama simu ni ya wizi?

Bei ya ajabu, hakuna boksi, hakuna risiti, na haraka. Omba risiti ya EFD ya mara ya kwanza iliponunuliwa na ulinganishe IMEI. Halafu andikianeni hati ya mauziano: majina kamili, namba za NIDA, namba za simu, IMEI zote mbili, bei, tarehe, sahihi, na shahidi au muhuri wa serikali ya mtaa. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha ulinunua kwa nia njema. Kumbuka pia simu iliyoripotiwa huweza kufungiwa baadaye. Kuwaka leo si uthibitisho.

Nikinunua kopi nikijua ni kopi kuna ubaya?

Kwa kava ya simu, hasara ni ndogo. Kwa chaja, betri, breki za pikipiki, nyaya za umeme na dawa, kataa kabisa. Chaja ya kopi hutenganisha umeme wa volti 230 na mkono wako kwa kizuizi chembamba sana, na watoto ndio huchezea simu ikiwa kwenye chaji.

Nimegundua nimeuziwa feki. Naweza kuiuza tena ili nipunguze hasara?

Kuiuza kama halali, hapana. Hapo wewe ndiye unayevunja sheria, na aliyeko upande wa pili ni mtu kama wewe. Kama kesi iko polisi, usiiuze kwa namna yoyote, ni kielelezo. Ikiwa umeshamaliza na kesi, fundi anaweza kununua vipuri vinavyofaa, kama spika au kitako cha laini, akijua vimetoka wapi. Betri iliyovimba usimwachie mtu wala usiichome. Iweke nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na nyumba, na umuulize fundi wako mahali pa kuipeleka.